Nyumba Iliyochorwa Kwenye Jivu

Mjukuu wangu wa kike anasoma Bujumbura, na kila likizo akija kwangu Rumonge anakuja na simu mkononi kama mtu aliyezaliwa nayo. Mimi simu karibu na sahani sitaki. Nilishamwambia na nitamwambia tena. Lakini safari hii alikuwa anaichekea, halafu anaikasirikia, halafu anaiwazia mkono shavuni, ugali unapoa na paka ameshaziona ndagala, vile vidagaa vya ziwa letu. Nikamwambia, "Lete hapa hicho kitu, nikione kinachokunyima kula."

Akanionyesha. Usidhani ni ile michezo ya kupigana risasi, hiyo ningeitupa ziwani. Ilikuwa picha ya chumba cha zamani. Unagusa kabati kwa kidole, linafunguka, ndani kuna mshumaa. Unagusa dirisha, maneno yanatokea yanakuambia limekwama. Hukimbizwi na mtu. Ni kugusa na kufikiri, kugusa na kufikiri, mpaka mlango wa mwisho ufunguke. Yeye na wenzake wanaipenda hata kuicheza hakuwatoshi, wanataka kujua inatengenezwaje. Wanawaandikia watengenezaji huko nchi za mbali: kilichotangulia ni picha ama fumbo? Mlijuaje kwamba mtu atagusa pale? Lile sanduku lisilofunguka mliliwekea nini?

"Na wanawajibu?" nikamuuliza.

"Wengine, Bibi. Wengine wanasema ni siri yao."

Hapo nikacheka mpaka mtoto akaogopa, maana mimi si mtu wa kucheka ovyo. Nikamwambia, mchezo huu mimi nimeucheza kabla mama yako hajazaliwa. Nimeucheza kwenye jivu. Na maswali hayo hayo niliyauliza, nikafukuzwa nayo kama kuku jikoni. Akaiweka simu chini mwenyewe, bila kuamriwa. Basi niliyomsimulia ndiyo nakuandikia na wewe. Shule niliiacha mapema na mkono wangu mzito, utanivumilia.

Nimezaliwa Kizuka, ndani ya michikichi. Ukiamka unanusa mawese, ukilala unanusa mawese. Nyanya yangu, mama mzaa mama, ndiye aliyekuwa na kibanda cha kukamulia, na msimu ukifika mikungu ililetwa kwake kutoka mashamba ya watu wengi. Mikungu inafunikwa majani siku chache ilegee. Kisha chikichi zinachambuliwa moja moja kutoka kwenye miiba, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya watoto. Ile miiba haina huruma. Jioni vidole vilikuwa vyekundu, hujui hii ni rangi ya chikichi au ni damu yako. Pipa linachemka, mvuke wake mtamu unakufanya uone njaa hata ukiwa umeshiba, na watu wazima wanausukuma mtambo wakizunguka, wakiimba, mafuta yakianza kutoka kama uzi mwekundu.

Mikungu mitupu haikutupwa. Ilichomwa, na jivu lake Nyanya alilichekecha mpaka likawa laini kama unga, akalitandaza chini ndani ya kibanda lipoe. Jivu hilo ndilo la kupikia sabuni. Na juu ya jivu hilo, kabla halijawa sabuni, Nyanya alichora nyumba.

Alichora kwa njiti ya jani la mchikichi. Ua, mlango, mtungi, kinu, mbwa amelala, mkeka, ghala, na nyuma kabisa chumba kimoja kimefungwa. Sheria ilikuwa moja: jaza kikapu, upate kugusa mara moja. Hujajaza, kaa na vidole vyako.

Dada yangu anajaza, anakimbia. "Nagusa mtungi!"

"Mtungi una maji. Chini ya maji kuna kitu kinang'aa."

"Nakitoa!"

"Kwa mkono upi? Mtungi mrefu, mkono wako mfupi kama mkia wa mbuzi. Nenda kajaze kingine."

Na hakukuwa na kugusa kwa bure. Hata ukigusa pasipo na maana, ulijibiwa. Mimi nilimgusa mbwa. Nyanya akasema, "Mbwa amefungua jicho moja, akaona ni wewe, akalala tena." Wenzangu walinicheka mpaka chikichi zikamwagika. Mchana ulikwisha, vikapu vimejaa, hakuna aliyelia miiba. Na tulikuwa na haraka, kwa sababu siku ya sabuni ikifika jivu lote lilikuwa linazolewa, nyumba na mbwa na mtungi, kutiwa kwenye sufuria. Chumba ambacho hatukukifungua kilikuwa kimekwenda. Tulikiogea Jumamosi tukiwa bado tumekasirika.

Sasa sikiliza ugomvi wetu. Dada yangu alisema Nyanya anabuni palepale, anasema lolote linalomjia mdomoni. Binti wa mwalimu, jirani yetu, alisema hapana, kila kitu kimekwishapangwa kichwani mwake kabla hajachora. Walifika mahali pa kuvutana nywele. Tukamjaribu Nyanya. Leo tunagusa ghala, kesho tunagusa ghala ileile, tuone kama atageuza maneno. Hakugeuza, binti wa mwalimu akatembea kifua mbele. Siku nyingine dada akasema, "Nachukua mkia wa mbwa naupaka mafuta, nausokomeza kwenye komeo!" Nyanya akainuka, akalikoroga pipa sana, akarudi akasema, "Haya, komeo limelainika." Sasa dada ndiye aliyetembea kifua mbele.

Binti wa mwalimu hakukubali. Alisema Nyanya anaijua nyumba hiyo, ni nyumba ya kweli, iko mahali. Na tukitazama vizuri, mtungi mlangoni, mkeka barazani, si ni nyumba ya mzee mwenye butiki? Huyo alikuwa mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka Omani, anauza chumvi na vitambaa kando ya barabara, mtu wa kanzu nyeupe isiyo na doa. Tukaenda. Tukamsalimia shikamoo kwa adabu, halafu tukaingia uani kwake tukaanza kufunua vifuniko.

Akatoka anashangaa. "Wanangu, mmepoteza nini?"

"Upawa," nikasema. "Upawa mrefu wa kufika chini ya mtungi."

Mzee wa watu akaingia ndani, akatuletea upawa. Mrefu, wa mti, mpini umepindwa vizuri. Hukuwahi kuona watoto wakikimbia namna ile. Tukaufikisha kwa Nyanya, dada anaupeperusha kama bendera, anataka kuuchovya kwenye mtungi uliochorwa. "Upawa wa kwenye jivu uko kwenye jivu," Nyanya akasema. "Huu rudisheni, mwenyewe asije akakosa mchuzi."

Mwenyewe alikuwa ameshafika. Alitufuata, anataka kujua mtungi gani huo. Akasimama juu ya jivu mikono nyuma, akatazama, akauliza mmegusa nini, mkaambiwa nini. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Mama, na mimi naweza kugusa?"

"Mzee, hapa hakuna anayegusa bila kikapu."

Akaketi. Na kanzu yake. Alichambua chikichi akisema bismillahi kila mwiba ukimchoma, na sisi tukishangaa mtu mzima anavyoweza kuwa mpole. Kikapu kilipojaa hakufikiri hata kidogo, akagusa mkeka. Sisi mkeka hatukuwahi kuugusa, ni mkeka tu! Nyanya akacheka. "Chini ya mkeka kuna upawa." Mzee akatugeukia akasema, "Mimi nikipoteza kitu dukani, huwa nimekikalia." Alirudi kwake na kanzu nyekundu mpaka magotini, na mkewe tulimsikia tukiwa barabarani.

Furaha hiyo ilikuwa bado motomoto alipokuja mjomba wangu kutoka Kabonga, kule karibu na mpaka, anakovua. Alisema moshi unammaliza mama yake macho, na yeye mkewe amejifungua, anataka mama aje akae kwao. Wakubwa wakakubaliana. Msimu ukiisha, Nyanya anakwenda.

Hapo mimi nilipata shida yangu. Dada alililia mapenzi ya Nyanya, mama alililia msaada wa kibandani. Mimi niliyalilia hayo yote, lakini kulikuwa na jambo jingine: huyu mtu anaondoka na nyumba zote zilizo kichwani mwake, na hapa hakuna hata mmoja anayejua zinavyotengenezwa. Akienda, mchezo umekwenda. Jivu litabaki la sabuni tu. Basi nikaanza kumfuata nyuma kisimani, kwenye kuni, kanisani. Unaanzia wapi, Nyanya? Unajuaje tutagusa nini?

"Ukimwona fundi akishona," aliniambia, "nguo utaivaa huku unahesabu nyuzi. Niondokee."

Sikuondoka. Mimi ni mjukuu wake, ugumu wake niliurithi. Siku ya sabuni ya mwisho alizoa jivu lote, akaacha pembeni kipande cha upana wa mkeka. Akanipa njiti.

"Hapa ni pako. Chora."

Nikachora mlango wa ua. Akanipiga kidogo kwenye mkono. "Umeanza na wageni. Anza na kile chumba kilichofungwa. Mna nini ndani? Ukishajua, rudi kinyumenyume kama mtu anayefagia akitoka nje. Chumba kinataka ufunguo, ufunguo uko mtungini, mtungi unataka upawa, upawa uko chini ya mkeka. Ukifika uani, umemaliza. Na kila kitu kionekane tangu siku ya kwanza, usiwaibie watoto. Wakichoka, mbwa abweke kuelekea mahali penyewe."

"Na wakigusa kitu ambacho hukukifikiria?"

Akatazama huku na huku. "Unakoroga pipa," akanong'ona. "Mpaka ukifikirie."

Mungu wangu! Yale makorogo yote. Kumbe dada alikuwa sawa na binti wa mwalimu alikuwa sawa, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza Kizuka kulijua hilo, na nilikuwa nimeapishwa nisiseme.

Siku zilizobaki tulibadilishana zamu. Nyanya alichambua, mimi nilijibu. Nyumba yangu ilikuwa na kuku, kinu, mbuzi juu ya paa, na mlango nyuma. Alifanya kama nilivyotegemea: akatoa kamba kinuni, akamshusha mbuzi, akapata ufunguo shingoni mwake. Akagusa mlango. Nikasema kuna komeo jingine kwa ndani. Akalipatia komeo dawa. Nikasema nyuma ya komeo kuna gogo. Alinitazama, akaendelea kuchambua. Kamyo, lile lori la samaki, lilipokuja kumchukua, gogo lilikuwa bado halijatoka. Akapanda mbele karibu na dereva, amefungasha sufuria zake, mlango wangu hajaufungua.

Nilidhani mchezo umekwisha. Haukwisha. Siku ya soko nilisikia sauti ya mama mmoja muuza ndagala anayepita Kabonga hadi Rumonge, na anasimama Kizuka kuuza. Mwanamke mkubwa, beseni kichwani, sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa.

"Amahoro! Iko wapi ule mutoto wa majivu?"

"Ni mimi, mama."

"Ni weye? Nyanya yako anasema amegusa gogo kwa shoka. Na mimi nasema aguse kuku, ule kuku ananitia wasiwasi. Haya jibu haraka, kamyo haingojei. Mi nauza samaki, sasa wamenifanya posta!"

Kumbe Nyanya aliichora upya nyumba yangu kwenye mchanga wa Kabonga, na wauza samaki wakingoja mitumbwi walikuwa wanaizunguka. Basi kila soko ukaja mguso, na jibu langu likarudi na kamyo. Mguso haukufika kamwe peke yake. Ulifika na maoni ya kila aliyekuwa ndani ya gari: huyu anasema mbuzi ni mwongo, yule anasema kamba imeachwa bure, dereva naye anauliza huyu mtoto anayapata wapi. Na mimi nikaendelea kuongeza. Shoka limevunjika mpini. Nyuma ya gogo kuna jiwe.

Mpaka siku moja yule mama alitua beseni kabla ya kusema, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja.

"Nakwambia kama vile alisema, usinikasirikie mimi. Nyanya yako anasema: mwambie huyo mutoto amejenga ukuta, akauchora mlango juu yake. Anasema weka kitu mule ndani. Msimu ukianza anakuja kukifungua mwenyewe."

Nilisimama pale na ndagala zangu. Alikuwa ameona. Chumba changu hakikuwa na kitu, kwa sababu sikuanzia kwake kama nilivyofundishwa. Na sikuanzia kwake kwa sababu, kwa akili yangu ya wakati ule, mtu hawezi kuondoka mchezo ukiwa katikati. Asipofungua, atabaki. Alipoondoka bado niliushikilia uzi huo: asipofungua, ataendelea kutuma. Sasa alikuwa anakuja, na nyuma ya mlango hakuna kitu, naye hasahau.

Nikafikiri soko zima. Kisha nikamwambia yule mama, "Nikikupa kugusa mara moja, utanijibu swali moja?"

"Uliza!" Alikuwa ameshanyoosha kidole.

Nikamuuliza Nyanya analala wapi. Soko lililofuata nikamuuliza mwenzake dirisha liko upande gani. Dereva nilimuuliza kuhusu uani, yeye alikuwa anaona kutoka juu ya gari. Kila mmoja alilipwa mguso wake, na kila mmoja nilimwapisha, maana wauza samaki wakiapa kwa watoto wao wanafunga mdomo, amini usiamini.

Nyanya alikuja msimu ulipoanza. Alishuka ananuka ndagala kichwa mpaka miguu, amenenepa, macho yamekuwa meupe kwa kupumzika na moshi. Hakunywa hata maji. Akaketi, akajaza kikapu, maana sheria ni yake mwenyewe, na watu wakazunguka: mama, dada, binti wa mwalimu, mzee mwenye butiki akiwa na kanzu ya zamani kwa tahadhari. Jivu lilikuwa tayari. Akagusa mlango.

"Umefunguka," nikasema. "Umeingia. Kushoto kuna kitanda, mguu mmoja umetegwa jiwe. Ukutani nyavu za mjomba, zinanuka, umezilalamikia hazitolewi. Chini ya kitanda kuku mweupe ambaye mke wa mjomba amemkataza kuingia, na wewe humfukuzi. Dirishani kikombe cha bati kimetoka mpini. Umekifunika na kitambaa, watoto wasikione."

Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kushindwa kujibu mtu wala kwenye jivu wala kwenye kesi za wakubwa, aliinama juu ya jivu kana kwamba anakitafuta hicho kikombe.

"Hujawahi kufika Kabonga," akasema.

"Sijawahi."

"Nani alikuonyesha kikombe? Ulianza na kitanda ama ulianza na kuku? Mtoto wewe! Umekitoa wapi?"

Mimi nikaongeza kuni chini ya pipa kama sisikii. Dada alikuwa anabingirika kwa kicheko. Nyanya akanishika sikio, akalivuta, halafu akanivuta mzima mpaka kifuani, mimi na jivu langu na yeye na harufu yake ya samaki, akawa ananitikisa huku akirudia, umekitoa wapi, umekitoa wapi.

Baada ya hapo alikuwa anakuja kila msimu kunifungulia mlango, mpaka mwaka ule tulipokimbia mauaji. Yeye na mjomba walivuka mpaka kwa upande wao, sisi kwa upande wetu, tukakutana kambini Tanzania, ambako jivu lilikuwa la kuni tu. Niliporudi nimeshakuwa mama wa watoto wakubwa. Mahali pa kibanda pana nyumba ya mabati, wanakaa watu wengine, watu wema, nawasalimia nikipita. Mawese yanakamuliwa kwa mashine yenye mngurumo, huwezi kumsimulia mtu kitu hapo. Sabuni tunanunua, ina karatasi. Wauza ndagala bado wanapita, ila kila mmoja ana simu, na ujumbe wa Kabonga unafika kabla chai haijapoa, mkavu, haujapitia mdomo wa mtu, hauna maoni ya dereva.

Nyanya tulimzika hukohuko Tanzania. Alikuwa mzee sana, majina yetu yalikuwa yanamtoka mkononi. Mimi alikuwa ananiita kwa jina la mama yangu, mama yangu kwa jina la dada yake. Lakini nikimpelekea uji alikuwa anapunguza sauti wengine wasisikie, ananiuliza nilikijuaje kile kikombe. Na mimi, na ugumu wangu wote, sikumwambia. Alikuwa anacheka sana kila akiuliza.